Treni ya Kutoka Kuopio

Saimi Väätäinen alikuwa amechoka tangu mwezi wa kumi na moja. Uchovu wenyewe ulikuwa wa aina ile isiyosikia usingizi. Alilala nao, akaamka nao, akaenda nao shule gizani na kurudi nao gizani, maana Pieksämäki, mji wao wa Finland, majira ya baridi jua huchomoza kama mtu aliyelazimishwa, na kabla hujalikaribisha limeshaaga. Mama yake alimnunulia vidonge vya vitamini. Baba yake, dereva wa lori la magogo, alicheka na kusema, "Uchovu wa miaka kumi na saba! Ngoja ufike hamsini, ndipo tuongee." Saimi alimeza vidonge.

Chanzo alikijua, ila kukitamka kungekuwa kama kumsema mtu nyuma ya mgongo. Kilikuwa na nywele nyekundu na sauti ya juu, na kilikuwa kimekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Jina lake Hilla Kortesmäki.

Hilla alikuwa mtu wa kupenda. Akipenda kitu hukipenda mpaka kikome chenyewe. Mwaka ule alimpenda Aamu, msichana wa mji wa Kuopio, mlinda lango wa timu pinzani katika mpira wa magongo wa ukumbini. Hilla alimfunga mabao matatu, na baada ya mechi Aamu akamfuata kwenye benchi akamwomba namba ya simu. Kwao Hilla hakuna aliyepiga kelele. Mama yake, Päivi, aliuliza tu kama huyo binti anakula samaki, apate kujua apike nini. Tatizo lilikuwa Aamu mwenyewe, leo moto kesho barafu. Wiki hii anaandika kwamba hawezi kuvuta pumzi bila Hilla, wiki ijayo simu haipokelewi. Na kila Aamu alipozima simu, Hilla alimpigia Saimi.

Saimi alikuwa na kigari. Kilikuwa cha njano, cha viti viwili, cha aina ile ambayo sheria inawaachia vijana wasio na leseni ya gari kubwa, na mwendo wake haukumtisha mwendesha baiskeli mwenye haraka. Baba yake aliuza boti ya uvuvi ndipo akakinunua. Kwa kigari hicho Saimi alimchukua Hilla kituoni akilia, akampeleka kituoni akicheka, akamzungusha mjini huku akisikiliza ujumbe wa Aamu ukisomwa na kuchambuliwa neno kwa neno. "Ameweka nukta mwishoni. Kwa nini ameweka nukta? Mtu anayekupenda anaweka nukta?" Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga hao hawakuwahi kumbeba Hilla.

Lakini kulikuwa na ngoma, na Saimi alikuwa akiingojea ngoma hiyo kama mtu anavyongoja wali uive.

Kila mwaka, mwezi wa pili, wanafunzi wa mwaka wa mwisho hupanda malori, wakapita mjini wakirusha peremende, wakaondoka kwenda kujisomea mitihani. Wanaobaki nyuma yao huwa ndio wazee wa shule. Kesho yake wazee hao wapya huvaa magauni ya kuburura na suti, wakacheza ngoma za kizamani mbele ya shule nzima, wazazi, na kila mwenye kamera. Wavulana hawatoshi kamwe, kwa hiyo wasichana hucheza wao kwa wao bila mtu kuuliza. Hilla na Saimi walikuwa wameahidiana tangu wakiwa na mapengo ya meno ya utoto, walipokaa sakafuni kumtazama dada yake Hilla akizunguka na gauni la bluu. Hilla angevaa suti ya babu yake na kuongoza. Saimi angevaa gauni. Walikuwa wameshafanya mazoezi tangu Krismasi.

Ilikuwa Alhamisi, siku nane kabla ya ngoma, siku ya supu ya njegere shuleni. Hilla aliweka sinia lake mezani, akakaa, akaanza kuzungusha kijiko bila kula.

"Saimi, usinikasirikie."

"Bado hujaniambia kitu."

"Ndiyo maana nakuomba mapema."

Saimi aliacha kutafuna. "Aamu?"

"Amesema atakuja. Kwenye ngoma! Hebu fikiria, shosti, mbele ya watu wote. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Amepata na suti."

"Atakuja kukutazama?"

Hilla akainamia supu. "Atakuja kucheza na mimi."

Nyuma yao mtu aliangusha sinia, watu wakapiga makofi. Saimi alingoja makofi yaishe.

"Na mimi je?"

"Wewe si unajua kila mtu! Utampata mtu kwa dakika mbili. Na tena wewe unaelewa. Wewe siku zote unaelewa, ndiyo maana nakupenda."

Saimi alielewa. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Akasema "Sawa," akamalizia supu ikiwa imeshapoa, kisha akaenda darasa la hesabu akatazama ubao bila kuona hata namba moja. Hakulia. Kulia nako kunataka nguvu.

Mtu aliyepatikana alikuwa Kerttu Hyvärinen. Kerttu alikuwa msichana mrefu, mwenye miwani, aliyekuwa amejiandikisha kuendesha muziki ili asicheze. Mwalimu wa michezo alimpeleka kwa Saimi akimshika kiwiko kama mtuhumiwa.

"Sijui kucheza," Kerttu akasema kabla hata ya salamu.

"Utajifunza."

"Nakanyaga watu."

"Nimeshakanyagwa."

Kerttu akamtazama kwa makini juu ya miwani yake. "Basi nitavaa suti ya baba. Huwa anaivaa mazishini, lakini ni safi."

Wakafanya mazoezi kila jioni katika ukumbi wa shule. Kerttu alikanyaga kweli. Aliomba radhi kila mara, mpaka Saimi akamwambia, "Acha bwana, omba radhi mara moja kwa siku nzima, inatosha." Kerttu hakuwa na habari za mapenzi za kusimulia. Alizungumza kuhusu nyuki wa mjomba wake, jinsi wanavyojikusanya mzingani majira ya baridi na kupokezana, wa ndani wakitoka nje na wa nje wakiingia penye joto. Baada ya mazoezi alivaa buti zake akaenda zake. Hakuhitaji kupelekwa popote. Jioni ya kwanza Saimi alikaa ndani ya kigari peke yake, injini ikinguruma, akashindwa kukumbuka mara ya mwisho alipoendesha moja kwa moja hadi nyumbani.

Asubuhi ya ngoma palikuwa na baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri. Saimi alikuwa ameshasukwa, gauni jekundu la binamu yake limeshakazwa mgongoni, mama yake akiwa na pini mdomoni, simu ilipolia.

"Shosti, nisaidie," sauti ya Hilla. "Aamu anakuja na treni ya asubuhi. Baba ameondoka na gari. Siwezi kwenda kituoni kwa miguu na gauni hili, nitafika nimekuwa sanamu."

Mama Saimi alitoa pini mdomoni. "Ni nani?"

"Hilla."

"Mwambie achukue teksi."

Saimi alifunika simu kwa kiganja. Alitaka kusema hivyo hivyo. "Nakuja," akasema, na mama yake akashusha pumzi kwa nguvu, akaendelea na pini.

Magauni mawili ndani ya kigari kile yalikuwa kama magodoro mawili ndani ya kabati. Gauni la kijani la Hilla lilijaa mpaka kwenye usukani, na Saimi alibadilisha taa za ishara kwa kupapasa. Hilla hakuacha kuongea. Aamu atapenda hiki, Aamu atasema vile, baada ya ngoma watakwenda kula kwa mama, samaki ameshatiwa chumvi tangu jana. Pumzi yake iliganda kwenye kioo cha dirisha, naye akaikwangua kwa ukucha.

Treni iliingia ikivuta theluji nyuma yake. Hilla alisimama jukwaani, koti la baba yake juu ya gauni, pindo amelikusanya mikononi. Saimi alibaki karibu na mlango wa kituo penye upepo mdogo. Akashuka mzee na mbwa. Wakashuka wanajeshi vijana waliopewa likizo, mmoja akampigia Hilla mluzi wa adabu. Akashuka mama mwenye kigari cha mtoto. Kisha hakushuka mtu. Milango ikafungwa, treni ikaondoka kuelekea kusini, na jukwaa likabaki na Hilla peke yake.

Simu yake ikaita mlio mfupi. Alisoma, akasoma tena. Alipogeuka uso ulikuwa mweupe.

"Amesema hawezi."

"Hawezi nini?"

"Hakusema. Ameandika tu 'siwezi, samahani.'" Akamwonyesha simu. "Na ameweka nukta."

Saimi alimshika mkono akamrudisha kwenye kigari, akampakia, akamkunjia gauni, akafunga mlango. Alijua kila hatua ya kazi hii. Sasa atalia, sasa atauliza kwa nini, sasa nitasema Aamu hakufai, sasa atamtetea. Akazunguka akaingia upande wake, akawasha injini.

Lakini Hilla hakulia. Alifuta pua kwa mkono wa koti, akageuka, na macho yakaanza kung'aa.

"Tutacheza sisi!"

"Nani?"

"Mimi na wewe! Kama tulivyosema. Nazijua hatua zote za kuongoza, Saimi, nitaongoza na gauni langu, nani atajali? Labda ilikuwa iwe hivi tangu mwanzo. Mungu anajua anachofanya."

Saimi aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Kwa wiki nzima alikuwa ameota kusikia maneno haya. Yalipokuja, yalimpita kama treni isiyosimama.

"Nacheza na Kerttu," akasema.

"Kerttu ataelewa. Kerttu hata hataki kucheza! Atafurahi, atarudi kwenye muziki wake."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma Saimi. Jana yake Kerttu alikuwa amemwambia mwenyewe, bila kinyongo, akifunga kamba za viatu: "Yule rafiki yako akikuhitaji, niambie tu. Mimi sina neno." Alikuwa amesema kama mtu aliyezoea kuambiwa arudi pembeni.

"Hapana, Hilla."

"Hapana nini?"

"Sichezi na wewe."

Hilla alicheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akaona si utani. "Unanilipiza kisasi."

"Sina nguvu za kisasi."

"Basi ni nini? Nimeachwa kituoni kama mzigo uliosahauliwa, na wewe, wewe, unanipiga teke? Ulikuwa unangoja. Sema kweli. Ulikuwa umekaa pembeni unangoja niaibike!"

"Nilikuwa nakuendesha," Saimi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, karibu haisikiki kwa mngurumo wa kipasha joto. "Tangu mwezi wa kumi na moja nakuendesha. Nakuleta, nakurudisha. Umewahi kuniuliza nimeamkaje? Hata mara moja tu? Nimechoka, Hilla. Nimechoka mpaka nywele zinaniuma."

"Umenichoka mimi."

Saimi alifikiri. Alitaka kujibu kwa haki. "Sijui," akasema.

Hilla akavuta kitasa cha mlango. Hakikufunguka. Mlango ule ulikuwa umekwama tangu Mwaka Mpya na ulifunguka kwa nje tu. Akavuta tena, akausukuma kwa bega.

"Nifungulie."

"Kuna baridi. Nitakupeleka nyumbani."

"Nifungulie mlango, Saimi!"

Ikabidi Saimi ashuke na gauni lake, azunguke kigari kwa viatu vya kuchezea vinavyoteleza kwenye barafu, amfungulie rafiki yake mlango ili apate kuondoka kwa hasira. Hilla alitoka kwa shida, vitambaa vikimfuata kimoja kimoja, akanyoosha mgongo, akaondoka bila kuaga kurudi upande wa kituo. Wanajeshi wawili kati ya wale walioshuka walikuwa wakivuta sigara ukutani, wakatazama pembeni kwa heshima. Saimi alisimama mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Alijua angeita, Hilla angerudi. Hakuita. Aliingia ndani akaendesha kwenda shule, na njia nzima alijihisi kama mtu aliyetoka kuiba.

Kerttu alikuwa mlangoni pa ukumbi ndani ya suti ya mazishi, mikono ya koti ikimwishia juu kidogo ya vifundo.

"Nimesikia Aamu hakuja," akasema. Habari huko hukimbia kuliko kigari cha njano. "Hilla yuko wapi? Mimi naweza—"

"Nipe mkono," Saimi akasema.

Muziki ukaanza, wakaingia wawili wawili, mgongo wima. Saimi alimwona mama yake safu ya tatu akiinua simu kupiga picha. Mahali pa Hilla na Aamu mstarini palikuwa na pengo, mpaka mwalimu akawasogeza waliokuwa nyuma. Dansi ya kwanza Saimi aliicheza akiwa na kituo cha treni kichwani. Ya pili vilevile. Kwenye walsi Kerttu alimkanyaga barabara, kidole gumba, na kwa maumivu yale Saimi akatoa sauti kama ya bata. Kerttu akafumba macho kwa aibu. "Ndiyo hiyo radhi ya leo," akanong'ona, "nimeitumia." Saimi akaanza kucheka. Alicheka akizunguka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hakujua tena kama ni kicheko au ni kitu kingine kilichopata upenyo. Kerttu alimshika imara akaendelea kuhesabu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, mpaka mwisho.

Mchana walichukuliwa kwa basi wakacheze tena kwenye makao ya wazee, kama desturi. Bibi yake Saimi mzaa baba, Aune, alikuwa mstari wa mbele kwenye kiti cha magurudumu. Alimvuta Saimi kwa gauni.

"Mjukuu wangu, huyo kijana wako mrefu ni mtoto wa nani?"

"Ni Kerttu, bibi. Ni msichana."

"Eeh?"

"Msichana!"

"Haya. Mwambie anyanyue miguu. Na uwaambie kahawa yao leo ni maji ya mitaro."

Usiku huo Hilla hakupiga simu. Saimi aliilalia simu chini ya mto, na kila alipogeuka aliitazama. Ilikuwa kimya. Aligundua kwamba kimya nacho kinachosha.

Kesho yake mchana alikwenda kwa kina Kortesmäki kwa miguu. Päivi alimfungulia mlango na aproni kiunoni. Alimtazama Saimi muda kidogo kabla ya kumkaribisha.

"Alikwenda Kuopio," akasema. "Jana. Na gauni lile. Alipanda treni iliyofuata. Mimi nimejua jioni aliporudi."

"Alirudije kutoka kituoni?"

"Kwa miguu yake. Nilimwambia angepiga simu. Akasema hakuna wa kumpigia." Päivi hakusema kwa lawama, alisema kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa. "Yuko saunani. Ingia, bado kuna moto."

Hilla alikuwa benchi la juu la chumba hicho cha mvuke, magoti kifuani, nywele zimemganda usoni. Saimi alipanda akakaa upande wa pili. Kisha Hilla akachota maji akayamwaga juu ya mawe ya moto, mvuke ukawafunika wote wawili, na ndani ya mvuke huo akaanza kuongea.

"Nilibonyeza kengele yao. Akashuka na soksi za sufi. Tukakaa ngazini. Watu wa jengo lao walikuwa wanapita na mifuko ya maduka, wananiruka gauni." Akasogeza nywele usoni. "Suti alikuwa ameivaa, Saimi. Alikuwa ameivaa asubuhi, akafika mpaka kituo cha Kuopio, akarudi. Amesema kila akiwaza wazazi wote wale na simu zao, anataka kujificha. Amesema mimi napenda kwa kelele."

"Ukasema nini?"

"Nikasema ndiyo. Ni kweli." Akafuta uso. "Hatukugombana. Tumeachana. Nadhani tumeachana. Sikuelewa vizuri, na sikutaka kuuliza tena."

Saimi alitaka kusema Aamu hakufai. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, imezoea njia. Akaiacha.

"Pole," akasema.

"Kerttu alikukanyaga?"

"Kidole kizima kimekuwa cheusi. Tazama."

Hilla aliinama akakitazama kidole. Akakigusa kidogo kwa ncha ya kidole chake. "Masikini," akasema, kisha, bila kuinua kichwa: "Umeamkaje leo?"

Lilikuwa swali la kujifunza, kama mtoto anayetamka neno la lugha ngeni. Saimi aliona haya kwa niaba yake.

"Vibaya," akasema. "Nimeamka nimechoka. Nadhani nitaamka nimechoka na kesho. Sijui hata kama yote ni kwa sababu yako. Lakini siwezi kukuendesha tena, Hilla. Si kila mara. Nikikataa, usiseme nakuchukia."

"Nikisema je?"

"Basi utasema."

Hilla alitikisa kichwa polepole kukubali. Alikuwa akilia sasa, ila kimyakimya, na hakuhitaji kushikwa. Baadaye akasema kwamba alimwonea wivu Kerttu jana yote, hata ngazini Kuopio, wakati moyo ukivunjika kwa jambo jingine. Saimi akasema hata yeye alimwonea wivu Aamu, tangu siku ya supu. Hilla akamwaga maji mengine.

Mambo hayakurudi kama zamani. Mwezi wa nne Hilla na Aamu walirudiana, na kabla ya sikukuu ya kati ya kiangazi wakaachana tena, na Saimi alizipata habari zote mbili zikiwa zimeshapoa. Jambo hilo lilimuuma kidogo na kumpumzisha zaidi. Kerttu naye alianza kukaa meza yao wakati wa chakula. Siku nyingine aliongea kuhusu nyuki, siku nyingine hakuongea kabisa.

Lakini Jumamosi ile, baada ya sauna, Päivi aliwawekea samaki yule aliyetiwa chumvi kwa ajili ya mgeni, viazi, na maandazi ya iliki. Saimi alikula kama aliyetoka vitani. Akasema atajilaza kidogo tu kochini, taulo likiwa bado kichwani. Hilla alipomletea kahawa alimkuta amelala fofofo, mdomo wazi, akikoroma kama baba yake wa lori. Akamtupia blanketi, akakaa sakafuni karibu naye, akainywa ile kahawa mwenyewe.

"Mwamshe, kutakuwa giza," Päivi akasema kutoka jikoni.

"Muache, mama," Hilla akasema. "Muache alale."